Kuchagua maiki ya video za safari: mwongozo kamili kwa anayerekodi nje, kwenye upepo

Jambiani, upande wa kusini mashariki mwa Unguja, maji yakitoka hutoka kweli. Unatembea hatua mia kadhaa juu ya mchanga mtupu kabla hayajakufika magotini, na huko ndiko kina mama wanakolima mwani. Nilikwenda kumrekodi mmoja wao msimu wa kusi, nikiwa na simu nzuri, stendi, na maiki ndogo niliyoichomeka juu ya simu. Nilisimama kama mita tatu ili shamba lote lionekane: vigingi, kamba, mwani unaoelea, naye ameinama anafunga vipande huku akinieleza jinsi kotonii, aina ya mwani wa bei nzuri, ilivyokuwa ikistawi zamani, na jinsi inavyokufa siku hizi maji yakipata joto. Alizungumza dakika kumi na nane. Usiku nilipovaa hedifoni nikasikia upepo ukibamiza kama turubai lililofunguka kwenye lori, na mbali kabisa, ndani ya kishindo hicho, sauti ya mtu. Katika kila maneno matano nilishika moja.

Picha ilikuwa safi. Nilichopoteza ni maneno yake, na hayo ndiyo yaliyonipeleka kule. Tangu siku hiyo nimetumia maiki za kila aina, nyingine zangu, nyingine za kuazima, kuanzia Lamu hadi Kilwa, na haya ninayoandika hapa ndiyo ningependa mtu angeniambia kabla sijatoa hela yangu.

Hatua ya kwanza: pima umbali wa kinywa na maiki

Usianze na bei wala jina la kampuni. Anza na swali hili: anayeongea atakuwa mbali kiasi gani na maiki? Nje, pasipo kuta za kuirudisha, sauti hupungua kwa desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kila umbali unapoongezeka maradufu. Ukiitoa maiki sentimita 30 kutoka kinywani ukaipeleka mita 3, umepoteza desibeli 20. Upepo haujapungua hata chembe, kwa sababu wenyewe unaipiga maiki palepale ilipo. Mawimbi na pikipiki nazo ni zilezile. Kamera ikijaribu kufidia kwa kuongeza nguvu, inaongeza vyote kwa pamoja.

Ndiyo maana maiki ya bei ya chini iliyobanwa kifuani huishinda maiki ya bei ya juu iliyo mita tatu kutoka kwa msemaji. Sijawahi kuona ikienda kinyume.

Sasa chukua karatasi, andika matukio ya safari yako yalivyo kweli, na mbele ya kila moja andika umbali. Ukijirekodi mwenyewe kwa mkono ulionyooshwa, maiki iliyo kwenye simu iko sentimita 60 hivi kutoka kinywani mwako. Ukiweka kamera kwenye stendi kisha ukatembea ufukweni, ni mita tatu, tano, kumi. Mahojiano na mvuvi au mama ntilie ni mita moja na nusu mpaka mbili. Ndani ya daladala, boti au treni mnakaa karibukaribu, lakini kelele ni nyingi. Halafu kuna sauti ya mahali penyewe, kama adhana, mawimbi au nyundo za mafundi wa majahazi kule Nungwi, ambayo haina kinywa cha kupimia.

Karatasi hiyo ndiyo itakayokuchagulia maiki. Mtu anayejirekodi kwa mkono tu na anayehoji watu wa njiani hawahitaji kifaa kimoja, hata kama wamepanda boti moja.

Hatua ya pili: tazama tundu la simu au kamera yako

Watu wengi hurudisha maiki dukani wakidhani ni mbovu, kumbe ni plagi.

Plagi ya duara ya milimita 3.5 ni za aina mbili. Yenye mistari miwili myeusi huitwa TRS na ni ya kamera. Yenye mistari mitatu huitwa TRRS na ni ya simu, kwa sababu tundu la simu hupitisha hedifoni na maiki kwa pamoja. Ukichomeka ya kamera kwenye simu, mara nyingi simu haitaitambua. Itaendelea kurekodi kwa maiki yake ya ndani nawe hujui. Waya wa kubadilisha kutoka TRS kwenda TRRS ni mdogo na wa bei ya chini. Nunua miwili, mmoja utapotea.

Simu nyingi za sasa hazina tundu hilo kabisa. iPhone zililiacha mwaka 2016 kuanzia iPhone 7, zikatumia Lightning, kisha zikahamia USB-C kuanzia iPhone 15 ya mwaka 2023. Android nyingi ni USB-C. Kwa hizo nunua maiki ambayo kipokezi chake kinaingia moja kwa moja kwenye USB-C, usitegemee adapta juu ya adapta. Kila kiungo unachoongeza ni mahali pengine pa kulegea ukiwa juu ya bodaboda.

Kwenye Android kuna mambo mawili ya kuangalia. Baadhi ya simu hazisomi kitu kilichochomekwa mpaka uwashe OTG kwenye mipangilio. Na programu ya kamera iliyokuja na simu huenda isitumie maiki ya nje hata kama imechomekwa. Pakua Open Camera, ambayo ni ya bure na ina sehemu ya kuchagua sauti itoke wapi, au Blackmagic Camera, nayo ni ya bure na inakuonyesha mistari ya sauti ikipanda na kushuka. Kisha fanya jaribio la ukucha: rekodi huku ukigusa maiki ya nje kwa ukucha, halafu gusa simu yenyewe. Ukisikiliza utajua mara moja ni ipi iliyokuwa inasikia.

Wenye kamera ndogo za michezo wasome kwa makini zaidi. GoPro nyingi zinataka kiunganishi cha ziada ndipo zipokee maiki ya plagi. DJI Osmo Pocket 3 inaungana na maiki ya DJI Mic 2 bila kipokezi chochote, na hiyo imewapunguzia watu mzigo.

Hatua ya tatu: chagua aina

*Maiki ya kifuani yenye waya.* Hapa ndipo ningemwanzisha mtu yeyote mwenye bajeti ndogo. BOYA BY-M1 imezagaa madukani kwetu na ina waya wa mita 6, maana yake unaweza kusimama mbali na simu na bado ukasikika vizuri. Inasikia pande zote, hivyo mtu akigeuza shingo sauti haikatiki. Kina mama wale wa mwani ningewarekodi kwa hii tu na ningepata kila neno. Jihadhari na kitu kimoja: kuna kidude katikati ya waya chenye swichi ya simu na kamera, na ndani yake mna betri ya LR44 inayotumika upande wa kamera. Swichi ikiwa siyo, unapata sauti hafifu au hupati kitu. Ubaya wake ni waya wenyewe. Mtu anayetembea sokoni akiburuta mita sita za waya atamwangusha mtoto wa watu.

*Maiki isiyo na waya.* Hii ndiyo iliyobadilisha kazi ya wasafiri. Kidude kidogo kinabanwa kifuani, kipokezi kinakaa kwenye simu au kamera. Rode walitoa Wireless GO mwaka 2019, wakafuatia na ya pili mwaka 2021 yenye vidude viwili vinavyojirekodi vyenyewe ndani. DJI na Hollyland wakaingia, na vidude vikazidi kuwa vidogo: cha Hollyland Lark M2 kina gramu 9, cha DJI Mic Mini gramu 10. Ni vyepesi kiasi kwamba ukikibana kwenye mtandio hauvutiki chini.

Kwa msafiri wa peke yake anayeongea na kuhoji, hii ndiyo chaguo langu la kwanza. Lakini elewa inavyofanya kazi, maana tangazo la mita 200 au 250 linakuhusu tu pale ambapo vidude viwili vinaonana. Nyingi hutumia mawimbi ya gigahezi 2.4, yaleyale ya waifai na bluetooth. Mwili wa binadamu una maji mengi, na maji huyameza mawimbi hayo. Ukikibana kifuani kisha ukaipa kamera mgongo, sauti inaweza kukatika hata mita ishirini tu. Ukijua utatembea ukiondoka kwenye kamera, kihamishe upande wa mgongoni au kwenye bega linaloielekea kamera. Na gatini, kivukoni, mahali ambapo kila mtu ana simu hewani, usitegemee umbali mrefu.

Kwa hiyo kama una uwezo wa kuongeza kidogo, ongeza kwenye kile kinachojirekodi ndani yake. Mawimbi yakikatika, nakala iko kifuani. Imeniokoa mara mbili, mara moja ndani ya jahazi pale Lamu ambapo nahodha alikuwa amekaa nyuma kwenye usukani nami nikiwa omoni.

*Maiki ya juu ya kamera.* Hapa pana dhana potofu nyingi kuliko penginepo. Watu huiona maiki ndefu ya shotgani wakadhani inavuta sauti ya mbali kama lenzi inavyovuta picha. Haivuti. Inachofanya ni kupunguza sauti za pembeni, ili ile ya mbele ibaki ikisikika zaidi. Na hata hizo za pembeni haizipunguzi zote: bomba la sentimita 20 huanza kusaidia kwa sauti zilizo juu ya takriban hezi 1,700 (hezi hupima wembamba wa sauti: nyembamba ina nyingi, nzito ina chache), na muungurumo wa lori au wa mawimbi uko chini kabisa ya hapo.

Inakufaa ukiwa unajirekodi kwa mkono, kinywa kikiwa chini ya mita moja, au ukiwa huna nafasi ya kumbandika mtu chochote. Rode VideoMicro ya mwaka 2015 bado ni nzuri kwa kazi hiyo: fupi, haina betri, inakula umeme kidogo kutoka kwenye kamera yenyewe, na inakuja na kofia yake ya manyoya ndani ya boksi. BOYA BY-MM1 iko katika kundi hilohilo kwa bei ya chini. Zaidi ya mita moja na nusu usiiamini, haidhuru ina jina gani. Kosa langu la Jambiani lilikuwa hilo.

*Maiki ya mkononi*, ile ya watangazaji, imesahauliwa na wasafiri bila haki. Katikati ya Kariakoo au stendi ya mabasi, ambapo kila duka lina spika nje, maiki ya mkononi isiyohitaji betri ukiisogeza sentimita 10 kutoka kinywani inasikia kinywa na karibu hakuna kingine. Haivunjiki kirahisi. Tatizo lake ni kwamba mtu akiiona anaanza kuzungumza kama anahutubia.

*Kinasa sauti cha pembeni* ni kwa ajili ya sauti ya mahali. Zoom H1essential na ndugu zake huingia mfukoni na hunasa kulia na kushoto, hivyo msikilizaji mwenye hedifoni husikia mawimbi yakitoka upande mmoja na watoto upande mwingine. Kama safari zako ni za kuonyesha mahali zaidi kuliko kuzungumza, fikiria hiki kabla ya shotgani. Hata usipokuwa nacho, jizoeze kila ufikapo mahali kurekodi dakika moja ya ukimya wa hapo, bila mtu kuongea. Wakati wa kuhariri utaitandika chini ya maneno, na mikato haitasikika.

Hatua ya nne: upepo

Ningekuwa na nafasi ya kuandika hatua moja tu, ingekuwa hii.

Pwani yetu ina pepo mbili kubwa. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki, kama Desemba hadi Machi. Kusi huja kutoka kusini mashariki, kuanzia Aprili mpaka Septemba hivi, na katikati ya mwaka huwa na nguvu. Fukwe za mashariki ya Unguja, kama Paje, Jambiani na Bwejuu, zinazipokea zote mbili usoni. Ndiyo maana wapenda mchezo wa tiara za majini hujaa Paje. Mji Mkongwe uko magharibi, na wakati wa kusi unakuta Forodhani shwari ilhali Paje mchanga unaruka. Anayepanga safari ya kurekodi akazijua pepo hizi ameshaokoa nusu ya sauti yake. Na mara nyingi asubuhi huwa tulivu kuliko alasiri. Mahojiano yapeleke asubuhi, alasiri piga picha za mandhari.

Upepo hauingii kwenye maiki kama sauti. Unaisukuma ngozi nyembamba iliyo ndani, na ngozi hiyo inatoa kishindo kikubwa cha sauti nzito. Kishindo kikizidi kiasi, sauti inapasuka, na iliyopasuka hakuna programu itakayoishona. Kwa hiyo kinga ni ya kuvalishwa kabla.

Sponji nyeusi inayokuja na maiki nyingi inatosha kwa pumzi ya mdomo na upepo wa kutikisa jani tu. Kwa ufukwe unahitaji kofia ya manyoya. Manyoya marefu huuvunja upepo vipande vipande, na ndani yake hubaki hewa iliyotulia kuizunguka maiki. Angalia mambo matatu: manyoya yawe marefu na mengi, siyo machache yaliyotawanywa na kugandishwa kwa gundi; kofia ikae bila kuigusa moja kwa moja sehemu inayonasa, na ifungwe kwa kushika, siyo kupachikwa tu. Vile vikofia vidogo vya maiki za kifuani hupeperuka. Kimoja changu kilikwenda na maji pale Kizimkazi. Sasa huvishonea uzi mwembamba na kuufunga kwenye klipu, na hubeba vya akiba viwili.

Kuna swichi kwenye maiki au kwenye programu ya kukata sauti nzito, huandikwa hezi 75, 80 au 100. Iwashe. Sauti ya mwanaume mtu mzima huanzia karibu hezi 85 na ya mwanamke juu zaidi, kwa hiyo hutapoteza kitu cha maana. Lakini swichi hiyo inasaidia manyoya, haiwezi kushika nafasi yake.

Halafu tumia mwili wako. Mabaharia huuita demani upande wa chombo usiopigwa na upepo, na neno hilo ndilo ninalolibeba kichwani kila ninapofika mahali. Demani iko wapi? Nyuma ya ukuta wa matumbawe, nyuma ya ngalawa iliyopandishwa, nyuma ya mgongo wangu mwenyewe. Mkalishe msemaji huko, mgongo wake au wako ukiukabili upepo, na maiki ikiwa kifuani upande wa pili. Kuhama hatua tano tu kunaweza kukupa sauti ambayo hakuna fedha ingekununulia.

Hatua ya tano: jaribu dukani kabla ya kulipa

Iwe Kariakoo, iwe Luthuli Avenue kule Nairobi, nenda na simu au kamera yako mwenyewe, waya zako, na hedifoni za waya. Hedifoni za bluetooth huchelewesha sauti, na nyingine huingilia mawimbi ya maiki.

Mwombe muuzaji awashe feni. Simama mbele yake na maiki ikiwa na kofia yake, soma maneno kumi, kisha vua kofia usome tena. Sikiliza zote mbili papo hapo. Baada ya hapo toka nje na kidude kifuani, kipokezi kibaki ndani na mtu unayemwamini, tembea hatua ishirini, geuka uipe duka mgongo, hesabu kuanzia moja hadi ishirini. Namba zinazokosekana utazisikia. Mwisho kaa kimya sekunde kumi huku ukirekodi: ukisikia mvumo wa "sss" mkubwa nyuma ya ukimya, hiyo maiki itakuchosha kila siku.

Uwe mwangalifu hasa na maiki za bei ya chini sana zisizo na waya ambazo zinasifiwa kwa kuondoa kelele zenyewe. Nyingi huondoa kelele pamoja na nusu ya sauti, na mtu akanyamaza kidogo zinafunga kabisa, akianza tena silabi ya kwanza haipo. Niliwahi kununua seti ya namna hiyo kwenye duka moja, nikarudi nyumbani na mahojiano ambayo kila sentensi ilianzia katikati. Kama maiki ina kitufe cha kuondoa kelele, hakikisha kinazimika, na kwa kawaida kiache kimezimwa. Kelele kidogo za mahali ni sehemu ya safari.

Bidhaa bandia zipo. Angalia namba ya kifaa, na kama kampuni ina ukurasa wa kuisajili, isajili ukiwa bado dukani.

Hatua ya sita: jifunze kumvalisha mtu

Hapa ufundi na adabu ni kitu kimoja. Amkia kwanza, jieleze, omba ruhusa, mwonyeshe maiki na umwambie inafanya nini. Halafu mpe mkononi. Sijapata kumbana mwanamke maiki kwa mkono wangu pwani yetu. Namwonyesha kwenye shati langu mahali inapokaa, naye anajibana mwenyewe, au binti yake anamsaidia.

Mahali pazuri ni kati ya kidevu na katikati ya kifua, upana wa kiganja kutoka kidevuni. Kwa kanzu, bana kwenye ufunguzi wa kifua. Kwa mtandio au kanga ya kujitanda, bana nje ya kitambaa, kwenye mkunjo uliotulia, siyo ndani. Kitambaa kinachopita juu ya maiki hutoa mkwaruzo kila anapopumua, na vitambaa laini vya siku hizi hukwaruza vibaya kuliko pamba. Waya ukiwepo, ukunje kitanzi kidogo nyuma ya klipu ili ukivutwa usiitikise maiki yenyewe. Mkufu na rozari ziangalie pia.

Nilirudi Jambiani msimu uliofuata. Mama yule alipokea kile kidude, akakigeuzageuza, akakibana kwenye kanga karibu na bega, akainama akaendelea kupigilia kigingi kwa jiwe. Nilikuwa mita saba. Hedifoni zilinipa pumzi zake, jiwe likigonga mti, maji yakichezacheza miguuni, na kila neno. Alipomaliza aliuliza, "Mwanangu, safari hii nimesikika?" Nilimpa hedifoni ajisikilize.

Ukimaliza, zima na uombe kifaa chako papo hapo. Mtu husahau kwamba anacho kifuani, na atakachomwambia jirani yake baadaye hakikuwa chako kukisikia.

Hatua ya saba: panga kiwango cha sauti

Zima ile hali ya kamera kujipangia kiwango yenyewe. Mtu akinyamaza, kamera hiyo hupandisha nguvu kutafuta sauti, na upepo unajaa. Akianza kuongea inashusha ghafla. Msikilizaji huhisi kama bahari inapumua. Weka kwa mkono: mwambie azungumze kama atakavyozungumza, siyo kuhesabu "moja, mbili" kwa unyonge, nawe upange vilele vya sauti vifike karibu desibeli -12. Vikipita vikafika -6 akicheka, sawa. Vikigusa sifuri, imepasuka.

Kwenye kamera ambazo mvumo wake wa ndani ni mkubwa, shusha kiwango cha kamera karibu na chini kabisa na upandishe cha maiki au kipokezi. Utasikia tofauti.

Vifaa vingi vipya hutangaza kurekodi kwa biti 32 zinazoelea, yaani hata ukikosea kiwango unaweza kurekebisha baadaye. Ni kweli, ila kwa maiki nyingi zisizo na waya hiyo ni ile nakala inayobaki ndani ya kidude cha kifuani, siyo ile inayoingia kwenye simu. Na haiondoi upepo. Kama hutaki kukaa kwenye kompyuta ukiunganisha nakala na picha, usiilipie. Ukiunganisha, piga kofi moja mbele ya kamera mwanzoni. Mlio na viganja vikikutana vitakuonyesha pa kulinganishia.

Vaa hedifoni unaporekodi, si baadaye. Hata moja sikioni inatosha.

Ununue nini kwanza

Kwa bajeti ndogo: maiki ya kifuani yenye waya, kofia ya manyoya kwa ajili yake, na hedifoni za waya. Usiongeze chochote mpaka umerekodi safari tatu. Kwa bajeti ya kati: seti isiyo na waya ya vidude viwili, maana siku utakayohoji utataka swali lako lisikike pia. Ukiwa nayo na bado unapenda kujirekodi kwa mkono, ongeza maiki fupi ya juu ya kamera. Kinasa sauti kije mwisho, isipokuwa kwa yule ambaye sauti za mahali ndizo kazi yake. Ile ya waya usiiuze hata ukipata zote hizo. Ukiichomeka kwenye simu haiishiwi chaji wala haikatiki, na mimi hutembea nayo kwenye mfuko wa pembeni wa begi.

Ukirudi jioni

Chumvi ndiyo inayoua vifaa pwani kuliko maji yenyewe. Futa vidude kwa kitambaa chenye unyevu kidogo wa maji yasiyo na chumvi, kisha kikavu. Kofia za manyoya zisuuze kwa maji yasiyo na chumvi, zikamue taratibu, zining'inize kivulini, na zikishakauka zichanue kwa mswaki laini, kwani manyoya yaliyogandamana hayazuii kitu. Hifadhi kila kitu kwenye kopo la plastiki lenye kifuniko pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu.

Wanaopanda Kilimanjaro walale na betri na vidude ndani ya mfuko wa kulalia. Baridi ya kambi za juu humaliza chaji usiku mmoja.

Mwisho hamisha rekodi zote kwenye simu au kompyuta, sikiliza sekunde thelathini za kila moja kwa hedifoni, na ndipo ufute zilizo kwenye kidude. Ukikuta moja imeharibika, yule uliyemhoji bado yuko kijijini, na asubuhi upepo utakuwa umetulia.